Pencheni jamii: tuiwekee sheria yenye meno kabla bei za sokoni hazijaimaliza

Mwana Makunduchi (mwanzilishi wa uzi)

Assalaam alaykum wanabaraza. Uzi huu ni mrefu. Atakayechoka apumzike kisha arudi, maana jambo hili nataka tulizungumze mpaka litulie.

Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi. Haikuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Haikuuliza ana watoto wangapi Maskati, wala nyumba yake imeezekwa bati au makuti. Umri, ukaazi na kitambulisho, basi. Fedha zenyewe zilitoka katika bajeti yetu wala hazikuwa za mfadhili. Katika Afrika Mashariki hatukuwa na wa kumwigiza, sisi ndio tuliotangulia. Kenya ilianza kuwalipa wazee wake wa miaka 70 na kuendelea mwaka 2018, shilingi 2,000 za kwao. Mimi najivunia pencheni hii kuliko barabara yoyote tuliyojengewa.

Lakini ile 20,000 ilikaa pale pale miaka na miaka. Mchele ulipanda, unga ulipanda, mafuta ya taa yalipanda, nauli ya gari ya kwetu mpaka mjini ilipanda, na mzee akaendelea kupewa 20,000. Halafu katika utawala wa Dk. Hussein Mwinyi ikapandishwa, ikawa 50,000. Wazee walifurahi na walikuwa na kila sababu ya kufurahi. Swali langu ni hili: kilichoipandisha ni nini? Ni Serikali kuamua kwamba safari hii ipande. Na ile miaka yote iliyokaa chini, nani alikuwa na pahala pa kwenda kuuliza? Hakuna mzee aliyekuwa na kifungu mkononi cha kumwambia ofisa, "kwa bei za mwaka huu mimi nastahiki kadha."

Nikazirudia Katiba. Ya Zanzibar ya 1984, Sura ya Pili, inasema hali njema ya wananchi ndiyo lengo kubwa la Serikali. Ya Muungano ya 1977, ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kufanya kazi, kujipatia elimu, na kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Ukisoma hapo unapumua. Kisha unarudi nyuma kidogo, ibara ya 7, kifungu kidogo cha pili, unakuta masharti ya sehemu ile hayatekelezwi na mahkama yoyote. Msaada wa uzeeni umeandikwa kama dira ya kuiongoza Serikali, na asiyeupata hawezi kuushitakia kwa ibara ile.

Msinambie mtu akitaka uzee mwema angechangia Mfuko wa Hifadhi ya Jamii wa Zanzibar (ZSSF). ZSSF ipo tangu 1998 na imewafaa wengi, lakini msingi wake ni mwajiri na mwajiriwa, kila mmoja atie chake. Sasa nendeni Paje, Bwejuu na Jambiani maji yakitoka, muwatazame mama zetu wa mwani. Mwajiri wao nani? Wanafunga tai-tai, vile vikamba vya mwani, jua la utosi, maji ya magoti, mgongo umepinda, na mwani wenyewe siku hizi unaoza kwa sababu bahari imezidi joto, khasa ule mnene wenye bei. Wakala anapima kilo, analipa, anaondoka. Mkataba hakuna, mchango hakuna. Mchumaji wa karafuu kule Pemba ni hivyo hivyo, na mvuvi wa ngalawa, na mama anayeuza urojo. Dirisha la kuchangia kwa hiari lipo na ni jambo la kheri, ila hiari ni ya mwenye kilichobaki baada ya kula. Hawa uzeeni wana pencheni jamii, na ikidharauliwa hawana jengine.

Watu wengi wakifika hapa husema tungoje Katiba mpya. Mimi sikubali kungoja. Ile Inayopendekezwa ya 2014 imeshalala kabatini miaka chungu nzima, kura ya maoni haikupigwa. Na si kweli kwamba lazima Katiba itangulie. Tazameni Morisi (Mauritius), kisiwa kama sisi, na watu wake ni wachache kuliko wetu. Katiba yao ya uhuru ya 1968 haina sura ya haki za kijamii. Lakini pencheni ya wazee isiyo ya kuchangia wameianza 1950, na 1958 wakaondoa sharti la kupima kipato, ikawa ya kila mzee. Mwaka 2004 Serikali ikataka kuwatoa wenye uwezo. Uchaguzi wa 2005 Serikali ile ikashindwa, na iliyoingia ikairudisha kwa wote. Hapakuandikwa hukumu ya jaji yeyote. Watu walikuwa wameshaijua kuwa ni yao.

Kwa hiyo ninachotaka ni vitu viwili viingie katika sheria, viandikwe waziwazi. Kwanza, kiwango kipande kila mwaka kwa kufuata mfumko wa bei unaotolewa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, ambayo kila mwezi inatoa takwimu za bei za Zanzibar. Pili, mzee aliyekataliwa au aliyetolewa kwenye orodha aandikiwe sababu, na awe na pahala pa rufaa penye muda maalum wa kujibu.

Karibuni. Anayepinga apinge, ila alete hoja.

Bint Kengeja

Waalaykum salaam kaka. Hilo la pili ulilolitaja limenigusa kwa sababu nyumbani kwetu ndilo linalotusumbua.

Mama yangu alikuwa mwari Mapinduzi yalipotokea, ameshavunja ungo. Yeye mwenyewe anakueleza, na kila mtu wa rika lake pale mtaani anajua. Hesabu ya hapo haihitaji kalamu: miaka 70 imempita kitambo. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, maana wakati ule mtoto akizaliwa nyumbani kwa mkunga, nani atakwenda kuandikisha? Alipochukuliwa kitambulisho, karani akamtazama usoni akaandika mwaka 1958. Alikuwa hajui kusoma, na mwaka ule haukumdhuru kitu mpaka pencheni ilipoanza.

Tumekwenda ofisi moja tukaambiwa hapa si kwao. Ya pili wakasema mwaka hauwezi kubadilishwa bila cheti. Cheti chenyewe tulipokitafuta tukaambiwa kitatolewa kwa kufuata kitambulisho. Yaani tunazungushwa na karatasi moja inayomtegemea mwenzake. Yupo bibi jirani, somo yake mama, wamechezwa unyago pamoja. Yeye anapokea. Sheha, kiongozi wa mtaa wetu, anatufahamu, ametuandikia barua nzuri, Mungu amjaalie, lakini barua ya sheha haina nguvu ya kubadilisha mwaka.

Sikasiriki na mtu. Nataka kujua tu: nani mwenye mamlaka ya kusikiliza mashahidi akasema huyu mama ni wa mwaka fulani? Nikimjua huyo nitampelekea wazee wa Kengeja wote.

Kijana wa Mwanakwerekwe

Uzi mzuri. Mimi ninauliza kwa nia njema: kwa nini hizo fedha zisikusanywe wakapewa masikini peke yao, wapate zaidi? Kuna mzee ana nyumba tatu za kupangisha Mbweni, na yeye anapewa 50,000 sawa na yule bibi wa mwani. Ukimtoa yeye na mfano wake, bibi angepata labda laki. Hiyo ndiyo haki kwa akili yangu.

Mwana Makunduchi

Kijana, swali lako linaulizwa na wakubwa na wadogo, kwa hiyo nalijibu kwa urefu.

Ukisema "masikini peke yao", mtu lazima akae achague nani masikini. Kwenye shehia zetu atakayechagua atakuwa jirani yako, pengine shemeji yako. Mpango wa kunusuru kaya masikini wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), ambao unafika Unguja na Pemba, umesaidia nyumba nyingi na mimi siupigi vita. Lakini muulize yeyote aliyekaa kwenye mkutano wa kutaja majina. Nyumba mbili zimepakana, paa zao sawa, sufuria zao sawa, moja imeingia moja imeachwa. Watu hawaamkiani. Aliyeachwa anaamini ameonewa na aliyeingia anaogopa hata kununua bati, asije akaonekana ameshapata uwezo.

Umri haumwonei mtu. Mzee wa nyumba tatu za Mbweni ni mmoja, na gharama ya kumchuja, yaani maofisa, safari za kukagua, fomu, malalamiko, inakula sehemu ya hicho ulichotaka kumwongezea bibi. Yule tajiri tumpate kwenye kodi ya majengo na kodi ya mapato, huko ndiko kwenye vyombo vya kumpima.

Na lipo jengine kubwa zaidi. Kitu kinachopewa masikini peke yao kinatetewa na masikini peke yao. Siku bajeti ikibana, wao ndio wasio na sauti. Morisi wale waliokasirika 2005 walikuwemo walimu wastaafu, wenye maduka, watu wa kila namna, kwa sababu wote ilikuwa yao. Tukimtoa mzee wa Mbweni tutakuwa tumemtoa mtetezi wa bibi wa Jambiani.

Wakili wa Vuga

Naomba niingie. Mwana Makunduchi umesema kweli nyingi, ila umeipita mahkama upesi.

Ibara ya 7 inazuia malengo ya sehemu ile yasitekelezwe na mahkama, sawa. Haiwezi kuzuia haki nyengine zilizo nje ya sehemu ile zisisomwe kwa upana. Mwaka 1988 mkaazi wa Tabata, Dar es Salaam, Joseph Kessy, aliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa kutupa taka karibu na makaazi ya watu na kuzichoma, moshi ukiwaingia majumbani. Jaji Lugakingira alisema kuhatarisha afya za watu namna ile kunagusa haki ya kuishi, ibara ya 14. Haki ya kuishi inatekelezwa mahkamani. India walipita njia hiyo hiyo: malengo yao ya sera nayo hayashitakiwi, lakini mwaka 1985, katika kesi ya Olga Tellis ya wakaazi wa vibanda vya kandokando ya barabara za Bombay, Mahkama ya Juu kabisa ilisema riziki ya mtu ni sehemu ya haki yake ya kuishi.

Afrika Kusini waliamua tangu mwanzo. Katiba yao ya 1996 inaandika nyumba, afya, chakula, maji na hifadhi ya jamii kuwa haki zinazoshitakiwa, kwa kadiri ya uwezo wa dola. Matunda yake ni mchanganyiko na sitaki kuyapamba. 1997 Soobramoney, mgonjwa wa figo, aliomba mashine ya kusafishia damu katika hospitali ya umma, akakataliwa kwa kuwa mashine hazitoshi, akafariki. 2000 Irene Grootboom na wenzake waliobomolewa vibanda walishinda: mahkama ilisema mpango wa nyumba usiowafikiria walio katika shida ya haraka si mpango wa busara. Grootboom alifariki 2008, hajapata nyumba ya kudumu. Lakini 2002 mahkama hiyo hiyo iliilazimisha serikali kutoa dawa ya nevirapine katika hospitali za umma kuzuia mama asimwambukize mtoto virusi vya Ukimwi. Maelfu ya watoto wapo hai.

Kwa Bint Kengeja: jambo la mama yako halihitaji haki ya kijamii hata moja. Sura ya Tatu ya Katiba ya Zanzibar inasema haki ya mtu inapoamuliwa na mahkama au chombo chengine, mtu huyo apate kusikilizwa kikamilifu na awe na nafasi ya kukata rufaa. Hiyo si dira, hiyo ni sheria inayouma. Ofisa anayesema "haiwezekani" bila kusikiliza mashahidi amekosea hapo. Andika barua, omba jibu la maandishi. Jibu la mdomo huwezi kulikatia rufaa.

Mtu wa Mchangamdogo

Salaam. Mimi ni mtu mzima, nitasema langu kwa ufupi.

Nasikia haki ya mzee kwa Serikali, sisikii haki ya mzee kwa mwanawe. Dini yetu imeanza na mtoto. Kuna zaka, kuna wakfu, kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana hapa hapa. Zamani hapakuwa na pencheni na wazee hawakulala na njaa. Na waliokuwa hawana mtu, Mzee Karume aliwajengea nyumba, Sebleni na huku kwetu Limbani. Hapakuwa na Katiba wala kesi. Elimu bila malipo ilitangazwa Septemba 1964 kwa neno, na ikawa. Nachelea tukiyapeleka haya yote kwenye vifungu, watoto watasema mama ana pencheni yake, wamwache.

Mwana Makunduchi

Mzee wangu, nakupa heshima yako kamili, na hofu yako ni ya kweli. Ila tazama inavyokwenda majumbani. Mama mwenye 50,000 yake hatupwi kwa sababu hiyo. Ndiye anayemnunulia mjukuu daftari na kalamu, anatia mchango wake msibani, anampa mkwe fedha ya samaki. Amesimama na hadhi yake mbele ya wanawe. Mtoto wa kumtupa mama yake alimtupa kabla ya 2016. Na watoto wenyewe wengine hawana, wanabeba zege Mjini kibarua cha siku kwa siku. Ukimwambia huyu amtunze mama yake vizuri unampa wajibu bila ya uwezo.

Zaka na wakfu naziunga mkono kwa nguvu zangu zote. Lakini zaka inategemea mtoaji amefanya biashara nzuri mwaka huu na anaishi wapi. Wengi wanaotoa wapo mjini. Bibi wa Kojani zinamfikia ngapi?

Na hili la 1964 ndilo linalonipa mimi nguvu. Ni kweli, elimu bila malipo, matibabu, nyumba za wazee na zile eka tatu tatu za mashamba walizogaiwa watu, vyote vilitolewa wakati ambao Zanzibar haikuwa na Katiba. Baada ya Mapinduzi tumekaa mpaka 1979 ndipo tukapata Katiba. Ulikuwa uamuzi wa watu waliokuwa wamedhamiria. Nao waliodhamiria wakaondoka, Mungu awarehemu, na hapakubaki kifungu cha kumfunga aliyekuja. Miaka ya mbele michango ikaingia maskulini kidogo kidogo: leo ya dawati, kesho ya chaki, mpaka Serikali ikaja kuifuta tena. Kipindi kile mzazi aliyeshindwa alimwambia nani? Mtoto alirudishwa nyumbani akakaa.

Wakili, umenifundisha. Lakini angalia mwenyewe kesi zako. Grootboom alishinda akafa bila nyumba, kwa sababu mahkama haina bajeti. Nikitazama Namibia ndiyo naona njia yetu. Katiba yao ya 1990, ibara ya 95, inataja wazi kwamba wazee wapate pencheni ya kawaida inayotosha maisha yenye staha. Ibara ya 101 ikasema malengo hayo hayatekelezwi kisheria. Kama sisi kabisa. Walichofanya ni kutunga sheria ya pencheni mwaka 1992, na leo Mnamibia akifika miaka 60 analipwa, tajiri na masikini. Dira ilikuwa ya Katiba, lakini mzee anakwenda kudai kwa sheria.

Sisi tunayo Sera ya Hifadhi ya Jamii ya 2014, tunayo Sheria ya Masuala ya Wazee ya 2020. Nyumba imeshapandishwa kuta. Nazungumzia kuipaua.

Kijana wa Mwanakwerekwe

Hilo la mtetezi limenikaa. Sikuwa nimeliangalia upande huo. Lakini fedha? Kiwango kikipanda kila mwaka na wazee wanaongezeka, siku moja si itaishinda Hazina?

Mwana Makunduchi

Zanzibar ilihesabiwa watu 1,889,773 mwaka 2022, na wengi mno ni watoto na vijana. Waliofika 70 ni sehemu ndogo sana. Ndiyo maana ni sasa pa kuiweka sawa, wakati walipa kodi ni wengi kuliko walipwaji. Kupanda kwa kufuata bei si kuongeza thamani, ni kuzuia isipungue. Serikali ikipanga mapema inajua mwaka ujao itahitaji ngapi. Ikikaa miaka na miaka halafu ikaruka mara mbili na nusu, hapo ndipo Hazina inaposhituka.

Rasimu yangu ya kumpelekea Mwakilishi wetu kabla ya kikao cha bajeti ni hii:

"Kiwango cha pencheni jamii kitapitiwa kila mwaka na kuongezwa kwa kiasi kisichopungua mfumko wa bei wa mwaka uliotangulia kama ulivyotangazwa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Mtu aliyekataliwa au kuondolewa kwenye orodha atapewa sababu kwa maandishi, na atakuwa na haki ya kukata rufaa na kusikilizwa pamoja na mashahidi wake katika wilaya anayoishi."

Rekebisheni.

Bint Kengeja

Hapo kwenye mashahidi naomba muandike wazi kwamba ushahidi wa watu wa rika lake unakubalika pale ambapo cheti hakipo. Bila ya hivyo tutarudishwa kule kule kwenye cheti. Barua ya mama nimeshaianza, wakili nitaomba uitupie jicho.

Wakili wa Vuga

Nitumie faragha, nitaisoma leo leo.

Kwenye rasimu, la Bint Kengeja liingie kama lilivyo. Ongezeni mawili. Muda wa kujibu rufaa utajwe kwa siku, na usipojibiwa ndani yake mzee alipwe mpaka uamuzi utoke. Na pale penye "kuongezwa" malizieni kwa kusema kiwango hakitapunguzwa kwa sababu yoyote isipokuwa kwa sheria iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi, si kwa tangazo la waziri.